Hisa Mia Nane

Redio ya jirani imesema tena asubuhi hii:
uchumi umekua kwa asilimia sita.
Nilikuwa nachambua mchicha.
Nikanawa mikono, nikashusha sanduku juu ya kabati,
nikatoa cheti changu, hisa mia nane za saruji,
nikakisomea habari hiyo kwa sauti.
Hakikutikisika.

Nilizinunua mwaka nilioagwa pale Mawenzi,
miaka thelathini na mmoja ya wodi ya wazazi:
kiinua mgongo, kanga doti mbili,
na saa ya ukutani iliyokufa kabla ya Krismasi.
Bei ilikuwa mia sita na ishirini.
Leo ni mia sita na kumi.
Na saruji haijawahi kukosa mnunuzi hapa Moshi.
Kila kona ya Soweto kuna lundo la mchanga,
kila lundo lina mbuzi wake juu.

Nikapanda ngazi hadi kwa Gilead Kessy, wakala,
kijana niliyempokea mimi mwenyewe, miguu ikitangulia.
"Mama," akasema, "mwaka ule kila mtu alishajua nchi itakua.
Furaha ya leo mliilipia siku ile."

Nikamwelewa. Ni kununua kahawa ingali maua.
Ukishalipa bei ya debe lililojaa,
mvua nzuri inakurudishia tu ulichotoa,
na mbaya inakudai.

Akasema kampuni imetoa pia hisa mpya,
za kujengea tanuru la pili.
Hapo sikuhitaji ufafanuzi.
Nimekulia nyumba ya kupika mbege.
Wageni wakiongezeka na pipa ni lilelile,
kuna mtu jikoni anaongeza maji,
na anayekunywa mwisho husifu kata, si pombe.

"Na nikitaka kuuza?"
Akachezea kalamu. "Tutasubiri mnunuzi.
Wiki. Pengine miezi mitatu."
Soko gani hilo!
Kiborloni, mdogo wangu Aikaeli akiinua blauzi moja hewani,
mikono mitano inaishika kabla haijashuka.

Nilishuka ngazi nikimkumbuka baba, kule Uru,
usiku wa zamu yetu ya maji,
amesimama na jembe begani gizani,
anayasikia yakienda kwa watu wengine.
Mlima umejaa, mto unanguruma,
na migomba yetu imekunja majani.
Mvua ni ya Mungu, alisema, mfongo ni wa ukoo.
Nilidhani analalamika.
Alikuwa ananifundisha hesabu.

Maana asilimia sita ipo, mimi si kipofu.
Iko uani kwangu inatoa cheche.
Isaria Temu alipanga kibanda changu
na mashine moja ya kuchomelea, ya kuazima.
Sasa anazo tatu, na vijana wanne,
na mageti yake yanafungwa hadi Himo.
Hakuna redio inayosoma bei ya Isaria.
Hayumo kwenye karatasi ya Gilead,
wala Aikaeli hayumo, wala mwenye mbuzi.
Kwenye karatasi ile kuna benki, bia, saruji,
majina machache, nayasoma yote kabla chai haijapoa.

Nikamwendea.
"Isaria, niuzie sehemu."
"Ya geti?"
"Yako. Ya hii kazi. Ikikua, nikue nayo."
Akainua kinyago, jasho likimtiririka,
akacheka mpaka vijana wakazima mashine wasikie.
"Mama Ndeshi, mimi siuzwi!
Ila kodi ya mwezi huu ninayo."

Akanihesabia noti. Zilikuwa na joto,
zinanuka chuma.
Nikaziweka sandukuni, juu ya cheti,
nikarudi kwenye mchicha.

Nimefikiria kumpandishia kodi.
Nimeona haya.
Lakini nimefikiria.